Vulamba: Kabla ya kununua sumu, vipepeo wa usiku wahesabiwe kwanza

Kila msimu wa mahindi, mambo huenda namna ileile katika parseli nyingi za Vulamba, mojawapo ya komuni nne za mji wa Butembo. Mahindi yanaota vizuri, yanafika magotini, halafu asubuhi moja mama mwenye bustani anakuta majani yametoboka na kitu kama unga wa mbao kimejaa kwenye moyo wa mmea. Anamtuma mtoto dukani kuleta chupa ya dawa. Jioni anapulizia, bila glovu wala kitambaa mdomoni. Baada ya wiki moja anakuta viwavi walewale, sasa wamenenepa. Mtoto anatumwa tena.

Pesa hiyo imekwenda bure, na sababu yake inajulikana. Mama amechelewa. Aliyepaswa kuonwa kwanza ni mzazi wa kiwavi, yaani kipepeo wa usiku, nondo kwa Kiswahili cha vitabu, wa rangi ya kijivu na kahawia, ambaye alipita juu ya bustani gizani, akataga mayai na kwenda zake bila mtu kumwona.

Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo Vulamba ingefaa kulianza msimu huu, hata kama kwa masikio ya kwanza linafanana na mchezo wa watoto: kila mtaa uwe na nyumba moja au mbili zinazonasa vipepeo wa usiku bustanini na kuandika hesabu yao katika daftari. Na daftari hilo libaki Vulamba.

Mhalifu anayezungumziwa hapa ni kiwavi jeshi vamizi, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Barani Afrika alitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, katika nchi kama Nigeria, Benin na Togo. Miaka miwili baadaye alikuwa amefika karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, Kongo ikiwemo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake, kwa mafungu ya 100 hadi 200 kwenye jani. Kwa msaada wa upepo, kipepeo wake anaweza kwenda kilometa 100 kwa usiku mmoja, kwa hiyo hakuna ua wa miti wala ukuta wa matofali unaomzuia.

Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Kwa muda mfupi viwavi hula juu ya majani, na hapo bado wanapatikana: mkono unawaponda, wakulima wengine huwamwagia jivu au mchanga, na hata dawa, ikihitajika, inawafikia. Wakikua wanaingia ndani ya moyo wa mmea na kuziba njia kwa kinyesi chao. Ule unga wa mbao anaouona mama asubuhi ndio mlango uliokwisha kufungwa. Sumu inabaki nje, juu ya majani, karibu na mboga ambazo watoto watakula.

Hapa mtu atasema: maagronomu wameshaandika yote hayo, vitabu vipo. Ni kweli vipo. Lakini hesabu ya siku iliyomo katika vitabu hivyo imetoka zaidi sehemu zenye joto, na mdudu huyu huishi kwa joto: kukiwa na joto anamaliza mzunguko wake kwa mwezi mmoja hivi, kukiwa na baridi anachelewa. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,700. Beni, kilometa zipatazo 50 tu kaskazini, iko chini zaidi na ina joto zaidi. Kalenda inayofaa Beni haiwezi kuhamishiwa Vulamba hivihivi, sembuse ile ya Lagos. Isitoshe, milimani mahindi yana adui wa zamani, mzaliwa wa Afrika, kiwavi anayetoboa shina aitwaye Busseola fusca. Naye pia mzazi wake ni kipepeo wa usiku. Ni nani kati ya hao wawili anayefika kwanza Vulamba, na mwezi gani? Swali hilo halijibiwi kwa kitabu kilichoandikwa mbali. Linajibiwa na mtu anayeamka kila asubuhi na kuhesabu kilichonaswa.

Na kunasa si kazi ya maabara. Njia ya wataalamu ni mtego wa harufu: ndoo ya plastiki yenye kidonge kinachotoa harufu ya jike, madume wanafika wakitafuta mchumba na kuangukia ndani. Ni njia nzuri, ila kidonge hubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na si kila duka linacho. Tena kinanasa pia wasiohusika. Katika nchi za Afrika imeonekana mitego hiyo ikileta kipepeo mwingine wa jamii ya Leucania, anayemdanganya kwa urahisi mtu asiyezoea. Mwenye kuhesabu bila kutenganisha atatangaza vita ambayo haipo.

Njia ya maskini ni taa. Shuka nyeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo, taa ya sola mbele yake, beseni la maji yenye sabuni chini kwa anayetaka kuua, au bila beseni kwa anayetaka kutazama tu. Kwa nini wanakuja kwenye taa? Watu wengi wamesema wanaidhania kuwa mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications, uliotumia kamera za kasi, ulionyesha jambo lingine: wadudu warukao usiku hugeuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa kuwa kwa kawaida mwanga uko juu, mbinguni. Taa ikiwa ubavuni mwao, wanapinda na kuzunguka bila kuweza kutoka. Kwa maneno mengine, hawaipendi taa, wamepotea tu. Waganda wa Masaka wanalijua hilo kwa mikono yao. Kwa taa kali na mabati wananasa senene na kuwauza sokoni, wala hawakungoja jarida lolote.

Kinachogeuza mchezo wa taa kuwa kazi yenye faida ni daftari. Tarehe, saa ya kuwasha na ya kuzima, mvua ilinyesha au la, mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo (mwezi ukiwaka, taa inanasa wachache, na asiyeandika hilo atadhani wadudu wamepungua), idadi ya kila aina, na picha ya telefone. Asiyejua jina la mdudu aweke kando yake noti ya franka 500 ili ukubwa uonekane, aandike “aina ya kwanza”, “aina ya pili”. Majina yatakuja baadaye. Namba isipoandikwa usiku ule imepotea.

Taa pekee haitoshi kumhukumu mtu wa shamba aanze kupulizia. Taa ni kengele. Hesabu ikipanda kwa siku mbili tatu, ndipo mwenye bustani anaingia kwenye mahindi na kutafuta mayai na viwavi wadogo. FAO inashauri kupita shambani kwa mwendo wa herufi W, kusimama mahali patano na kukagua mimea kumi kila mahali. Kwa parseli ya Vulamba hata hiyo ni nyingi. Mama na watoto wawili wanaweza kupitia bustani nzima kabla ya uji kuiva. Kiwavi jeshi mkubwa hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia.

Kwamba jambo hili linawezekana kwa watu wa kawaida, Tanzania ilishaonyesha. Katika wilaya ya Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vilianza kupewa mtego mmoja wa harufu na kipima mvua kimoja kwa ajili ya kiwavi jeshi wa Kiafrika, Spodoptera exempta, ndugu wa huyu mvamizi. Wanakijiji waliochaguliwa walihesabu vipepeo, walipima mvua, na wao wenyewe wakatoa tahadhari kwa jirani zao. Kabla ya hapo utabiri ulitoka ofisi za mbali, na taarifa ilipofika kijijini mara nyingi viwavi walikuwa wamekwisha kula. Huko Uingereza, kituo cha Rothamsted kilianza kunasa vipepeo wa usiku kwa taa mwaka 1933, na leo watu wa kawaida, wastaafu na wanafunzi, wanaweka taa bustanini mwao na kutuma hesabu. Wao vipepeo huwapungua sana wakati wa baridi. Butembo, iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta, ina vipepeo miezi yote 12.

Pingamizi kubwa linajulikana na lina haki ya kusikilizwa. Watu watauliza: katika nchi hii, ambako raia wa Beni wamekuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014 na ambako Kivu Kaskazini imo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, nani ana muda wa kuhesabu vipepeo? Lakini vita hiyohiyo ndiyo imefanya bustani ya nyumbani kuwa kitu kikubwa. Familia ambazo zilikuwa na mashamba mbali zimeogopa kurudi huko. Mistari michache ya mahindi, maharagi na viazi nyuma ya nyumba, ambayo zamani ilikuwa nyongeza, leo kwa wengi ndiyo chakula chenyewe. Aliye na shamba kubwa anaweza kuwaachia viwavi sehemu yao. Aliye na mistari minane hawezi.

Pingamizi la pili ni la usalama, na ni zito zaidi kuliko linavyoonekana. Taa inayowaka bustanini usiku wa manane, katika mtaa ambao vijana wanalinda kwa firimbi, inaweza kumletea mtu maneno, au zaidi ya maneno. Wapo pia wanaomwona kipepeo mkubwa wa usiku kama mjumbe wa wachawi, na nyumba inayowakusanya itasemwa. Hivyo taa isiwashwe kisirisiri. Mkuu wa mtaa aambiwe mapema, majirani waelezwe siku ya salongo, na taa izimwe saa tatu usiku. Saa mbili za giza zinatosha, mradi ziwe zilezile kila siku.

La tatu halisemwi sana hadharani, nalo ni uchovu wa kuandikwa. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati wa Ebola, Butembo na Beni zilihesabiwa kila siku: joto la mwili kwenye vizuizi, orodha za waliokutana na wagonjwa, wagonjwa, wafu. Watu zaidi ya 2,200 walikufa katika janga lile. Orodha hizo ziliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini wenyeji wengi walibaki na hisia kwamba namba zao zilipanda ndege na hazikurudi. Kwa wadudu ni habari ya zamani zaidi. Kati ya mwaka 1933 na 1935, msafara wa de Witte ulikusanya wanyama na wadudu wengi katika Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na makusanyo makubwa ya wadudu wa Kongo yako Tervuren, Ubelgiji. Hata programu ya telefone ambayo FAO iliitoa mwaka 2018 kwa ajili ya kiwavi jeshi hupeleka hesabu kwenye ramani ya dunia. Hakuna ubaya katika ramani ya dunia, ila mama wa Vulamba haisomi kabla ya kwenda bustanini.

Kwa hiyo utaratibu uwe kinyume. Nakala ya kwanza ikae mtaani, kwa mwalimu au mwenye duka anayeaminika, na hesabu ya wiki ibandikwe ukutani pale ambapo watu hupita. Nakala ya pili iende kwa mkaguzi wa kilimo na kwa chuo kikuu. Butembo haikosi vyuo wala wanafunzi wa agronomia wanaotafuta mada ya kumaliza masomo. Daftari la miaka mitatu mfululizo kutoka bustani kumi lingewapa mada ambayo haijanakiliwa kwa mwenzao wa mwaka jana.

Kuna faida nyingine, isiyo ya mahindi. Taa haitaleta maadui peke yao. Italeta wale wakubwa wenye mabawa membamba, warukao kwa kasi na kunyonya maua kwa mrija mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 nchini Kenya ulionyesha kwamba hao ndio wanaochavusha mipapai yenye miti dume na miti jike, na kwamba shamba lililo karibu na msitu hutembelewa nao zaidi. Kwa eneo la Beni, ambako utomvu wa papai hukaushwa na kuuzwa nje kama papaini, habari hiyo ni ya pesa. Sumu inayopuliziwa ovyo dhidi ya kiwavi mmoja haimwulizi huyu ni nani. Kwa sababu hiyo beseni la sabuni lisiwe la kila siku. Siku nyingi shuka peke yake inatosha, watu wanahesabu, wanapiga picha, wanazima taa.

Msimu A unaanza Septemba. Anayetaka hesabu yenye maana aanze wiki mbili kabla ya kupanda, mahindi yakiwa bado kwenye gunia, ili daftari lionyeshe bustani ilikuwaje kabla ya wageni kufika.