Damu Inayopungua Tena: Chanzo Chaweza Kuwa Tumboni

Mtu mzima akipauka, akachoka upesi na moyo kumwenda mbio kwa kazi ndogo, aghalabu hupewa vidonge vya madini ya chuma na kuhimizwa kula mboga za majani. Shauri hilo ni jema. Lakini wako watu ambao damu yao huongezeka kwa muda, kisha hupungua tena. Kuwaongezea vidonge bila kutafuta chanzo ni kujaza maji katika pipa linalovuja.

Mojawapo ya vyanzo vinavyosahauliwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, akaaye katika utando wa ndani wa tumbo. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabarani huko Perth, Australia, mwaka 1982, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu hujulikana zaidi kwa kusababisha vidonda vya tumbo, lakini madhara yake hayaishii hapo. Kidonda kikivuja damu kidogo kidogo, chuma hupotea bila mgonjwa kujua. Tena, uvimbe wa muda mrefu huweza kudhoofisha sehemu za tumbo zitoazo asidi. Chuma kilichomo katika mchicha na maharage huhitaji asidi hiyo ili kiyeyuke na kufyonzwa na utumbo. Asidi ikipungua, hata mlo mzuri hupoteza sehemu ya faida yake.

Maambukizi hutokea hasa utotoni, kutoka mtu hadi mtu, penye msongamano na uhaba wa maji safi. Mazingira hayo yanafahamika vyema Tandale, wilayani Kinondoni, ambako wapangaji wengi hutumia choo kimoja na mvua kubwa zimefurisha Mto Ng'ombe mara nyingi. Kwa hiyo si haki kumlaumu mkazi wa huko kwamba damu yake imepungua kwa kuwa hajui kula.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa kila upungufu wa damu watokana na bakteria huyu. Wengi walio naye hawana upungufu huo. Safura, malaria, kichocho, selimundu, hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu vyote hupunguza damu. Yafaa basi utaratibu ufuatwe: damu ipimwe, minyoo itafutwe, na chanzo kisipoonekana, bakteria huyu naye atafutwe. Kipimo cha choo au cha pumzi ni bora kuliko kile cha kingamwili katika damu, kwani kingamwili huweza kubaki hata baada ya bakteria kuisha. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, hana budi pia kuchunguzwa kama anavuja damu tumboni au katika utumbo.

Itasemwa kuwa vipimo ni ghali na kwamba ni rahisi kununua dawa dukani. Lakini tiba huhitaji viuavijasumu viwili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Dawa zinywewazo kwa kubahatisha, au kuachwa katikati, hulea bakteria sugu. Hasara hiyo ni ya mtaa mzima.

Walimu wa biolojia na kemia wanaweza kusaidia. Somo la asidi na madini ya chuma lisiishie ubaoni. Mwanafunzi alielewaye ataweza kumshauri mzazi aliyemaliza vidonge kwa mara ya tatu arudi kituoni na kuuliza swali moja: damu hii inapotelea wapi?