Majani Yapimwe Kama Yanavyonywewa

Tangu mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kiligeuzwa kuwa Taasisi kamili pale Muhimbili, wataalamu wetu wamekuwa wakiyapima majani ambayo wazee walijitibia. Kazi hiyo tunaiunga mkono. Lakini ipo kasoro moja katika upimaji wa namna hii, hapa kwetu na kwingineko, ambayo haifai kunyamaziwa.

Upimaji wenyewe mwalimu yeyote wa sayansi aweza kuueleza. Majani hukaushwa, husagwa, halafu hulowekwa, mara nyingi katika methanoli au ethanoli. Kinachobaki baada ya kuiondoa spiriti hiyo hutiwa katika sahani iliyooteshwa bakteria, tuseme wale wa majipu. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hawaoti karibu nayo, na duara tupu huonekana. Uwezo wa kuzuia madhara ya oksijeni katika chembe za mwili nao hupimwa kwa kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, ambayo hufifia na kuwa manjano.

Je, ni mwananchi gani alowekaye mwarobaini katika methanoli? Mama kijijini huchemsha majani kwa maji, akampa mwanawe kikombe. Methanoli hutoa katika jani vitu ambavyo maji hayavitoi, na moto nao huweza kuviharibu vingine. Basi duara lile laweza kuwa la dawa ambayo hapana mtu aliyepata kuinywa.

Wachina walikwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga, aling'amua kutoka kitabu cha kale kwamba wahenga waliuloweka katika maji baridi na kuukamua. Moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa! Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, akafaulu. Dawa mseto zitolewazo leo katika zahanati zetu asili yake ni hapo, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Tena, duara peke yake si dawa. Hata maji ya kung'arishia nguo huua bakteria. Kipimo cha sumu na kiasi cha kunywa lazima vifuate, na vifuate upesi, maana mgonjwa hangoji. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga, na maabara zikawa nyuma yao.

Kwa hiyo tunataka kila jani lipimwe pia kwa maji, kwa kipimo cha mganga mwenyewe, naye akiwapo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikwisha kumtambua. Aliyetoa jani lake na siri yake anastahili kuambiwa, kwa Kiswahili, kilichoonekana katika sahani ile, hata ikiwa hakikuonekana kitu.