Mzee Aliyegawa Mali

Msomaji, kuna hukumu moja ambayo haikosi kutolewa kila unapochezwa mchezo wa King Lear, nayo ni hii: ya kuwa mzee yule alijiponza mwenyewe kwa kugawa mali yake angali hai. Niliisikia tena katika ukumbi nilimoutazama mchezo huo pamoja na wanafunzi wangu, na wengi waliitikia kwa vichwa kana kwamba ndiyo maana ya mchezo wote. Mimi naikataa. Ni hukumu ya watu waliokwenda kuketi upande wa mabinti wawili wabaya bila ya kujijua.

Shakespeare, aliyeuandika mchezo huu yapata mwaka 1606, alimpa mfalme wake umri wa zaidi ya miaka 80. Lear aliwagawia Goneril na Regan ufalme, akajiwekea askari 100 tu wa heshima, akae mwezi kwa huyu na mwezi kwa huyu. Goneril akataka wapunguzwe hata 50. Regan akasema 25 watatosha. Mzee alipomgeukia Goneril tena, akaulizwa haja ya hao 25 ni nini, au 10, au 5. Na Regan akamaliza kwa kuuliza haja ya hata mmoja. Itazame hesabu hiyo vizuri. Ni hesabu ya sokoni, na bidhaa inayoshushwa bei ni baba. Kisha milango ikafungwa, naye akabaki nje katika tufani.

Sasa niambie, kosa hapo ni la nani? Asemaye kwamba mzee asingegawa mali asema kwamba heshima ya mtoto ni kodi, na siku mzee anapokabidhi hati ya nyumba, kodi yakoma. Ikiwa ndivyo, basi mzee fukara, asiye na ng'ombe wala shamba, hakustahili heshima tangu mwanzo.

Nitajibiwa ya kuwa Lear hakuwa malaika. Kweli. Alikuwa mwepesi wa hasira na mpenda sifa. Alimfukuza Cordelia kwa kuwa hakutaka kumrairai, akamfukuza na Kent aliyemtetea binti huyo. Yote nayakubali, wala sioni yanavyohalalisha kufunga mlango. Ukali wa mzazi haumpi mtoto ruhusa ya kumwacha mvuani. (Na ni nani katika sisi waalimu asiye mkali?)

Waingereza wenyewe uliwashinda kuustahimili. Mwaka 1681 Nahum Tate aliuandika upya, akamrudishia Lear ufalme na kumwacha Cordelia hai, na kwa zaidi ya miaka 150 majukwaa yao yaliuchagua mchezo huo uliopozwa.

Wala usidhani ya kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba ambalo warithi wamechoka kulingojea. Wengine walikimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, mbali na mashamba waliyoyalima kwa mikono yao. Angalia sana: hao hawakugawa mali. Waliishika, wakaponzwa na kuishika. Lear aliigawa, akafukuzwa. Ushauri wa kutogawa umemwokoa nani? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, watunzwe na jamaa zao na Serikali. Haikuuliza mzee ana ekari ngapi.

Tena yuko Cordelia. Yeye hakupewa hata shibiri moja ya ardhi. Mfalme wa Ufaransa alimwoa mikono mitupu. Hata hivyo ndiye aliyevuka bahari na jeshi, akamtafuta mzee aliyerukwa na akili, akamvisha nguo safi na kumwomba baraka, na kwa ajili hiyo akafa kifungoni. Wale wasemao kwamba mzee aliponzwa na kugawa mali, watueleze huyu alikuja kutafuta nini.