Tutaimarika Tukiwa Wapi?

Wiki mbili zilizopita, kwenye kikao cha bajeti ya michezo, kiongozi wetu mmoja alisimama akasema maneno ambayo mpaka leo yananiwasha. Eti timu ya mpira wa miguu ya wasichana isiwekewe fungu mwaka huu. Sababu: mwaka jana tulifungwa mechi zote tatu, wachezaji wenyewe hatufiki kumi na nane, na nauli imepanda. "Wakiimarika tutawarudisha," akamalizia, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi ni kiungo wa timu hiyo, na nina swali moja tu: tutaimarika tukiwa wapi?

Kabla hamjanijibu, naomba niwapeleke mbali kidogo, Iceland. Ni kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya chenye watu wasiofika laki nne. Temeke peke yake, kwa sensa ya 2022, inawazidi zaidi ya mara tatu.

Timu yao ya taifa ya wanawake ilicheza mechi ya kwanza mwaka 1981 dhidi ya Scotland, ikafungwa 3-2. Ikajaribu kufuzu Euro ya 1984, ikashindwa. Kilichofuata hapa kampasi tunakijua vizuri: timu ikawekwa kando. Michuano ya kufuzu Euro za 1987, 1989 na 1991 ikapita Iceland haimo. Sasa piga hesabu. Binti aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1984, timu iliporudi kwenye michuano hiyo mwaka 1992 alikuwa na 26. Ile miaka yake mizuri hakuna bajeti inayoweza kuirudisha.

Na iliporudi ikawaje? Mwaka 1994 tayari ilikuwa miongoni mwa timu nane za mwisho kuwania Euro ya 1995. England ndio waliowatoa, 2-1 nyumbani na 2-1 ugenini. Miaka miwili tu, jamani! Vipaji vilikuwepo muda wote. Walichonyimwa ni mechi.

Twende Oktoba 2008. Mabenki makubwa ya Iceland yameanguka, nchi nzima imechanganyikiwa. Tarehe 30 mwezi huohuo, kwenye uwanja ulioganda barafu jijini Reykjavik, wanawake hao wakaifunga Ireland 3-0 na kufuzu Euro ya 2009 kule Finland. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya wakubwa ya Iceland, ya wanaume au ya wanawake, kufika fainali za michuano mikubwa. Wanaume walisubiri mpaka 2016.

Kule Finland walifungwa mechi zote tatu. Ndiyo, zote tatu, kama sisi. Lakini safari hii hakuna aliyewaambia wakae pembeni mpaka waimarike. Euro ya 2013 wakaifunga Uholanzi 1-0 na kuingia robo fainali. Oktoba 2017 wakaifunga Ujerumani 3-2 hukohuko Ujerumani. Januari 2018 shirikisho lao likatangaza kwamba bonasi za timu za taifa za wanawake na wanaume zitakuwa sawa.

Sisemi mambo yote kwao ni asali. Mpaka Kombe la Dunia la 2023 walikuwa hawajawahi kufuzu hata mara moja, na Euro ya 2025 wamefungwa tena mechi zote tatu. Mpira ndivyo ulivyo, kuna kupanda na kushuka. Ila timu inayoshuka ikiwa bado ipo inaweza kupanda tena.

Najua mtakachosema: wale ni matajiri. Ni kweli, wana viwanja vya ndani na makocha wenye leseni. Lakini mwaka 1987 haikukosekana timu kwa sababu nchi ilikuwa na njaa, na mwaka 2008 timu ilikuwepo wakati mabenki yamekufa. Kwanza kuna anayeamua kwamba timu ibaki, halafu pesa, ndogo au kubwa, inatafutiwa njia.

Sisi hatuombi uwanja wa ndani. Tunaomba uwanja jioni mbili kwa wiki, mipira sita, na nauli ya kwenda kwenye michezo ya vyuo. Kaka zetu nao wametolewa mapema miaka miwili mfululizo, na sijasikia mtu akisema timu yao ivunjwe. Wala mimi sisemi. Nataka tupimwe kwa mzani uleule.

Kuna mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, ana mguu wa kushoto wa hatari. Kila tukikutana kantini ananiuliza, "Dada, mazoezi lini?" Nimekuwa nikimwambia asubiri kidogo. Waheshimiwa, kikao kijacho naomba mnipe jibu la kumpelekea, maana yeye ana miaka mitatu tu hapa chuoni, na mmoja unaelekea kuisha.