Ukipunguzwa kazini na mzazi akaugua, anza na karatasi

MACHI 2023 nilikabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi katika kiwanda kimoja hapa Jinja nilichokitumikia kwa miaka 19. Nilikuwa na umri wa miaka 47. Wiki sita baadaye simu ilipigwa kutoka Mbale: mama yangu ameanguka uani, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Ni kiharusi.

Dada yangu, ambaye anauza nguo Malaba, aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Kaka, mimi nikifunga kibanda wiki mbili wateja wamehama. Wewe sasa huna kazi. Njoo umuuguze Mama."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini neno "huna kazi" lilinichoma, kwa sababu nilikuwa na kazi mbili kwa mpigo: kumwogesha, kumgeuza na kumlisha mgonjwa, na kufuatilia haki zangu kabla muda haujapita. Nimeona niandike kuhusu kazi hiyo ya pili, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu waliorudi nyumbani kutoka kazi za mbali au wanaoishi kwa biashara ya mpakani, na mzigo huu unawakuta bila kujiandaa.

Tuanze na notisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano notisi ya mwezi mmoja, wa miaka mitano hadi 10 miezi miwili, na aliyefika miaka 10 au zaidi miezi mitatu. Mwajiri anayetaka kupunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi anapaswa pia kumwarifu Kamishna wa Kazi. Kiasi cha malipo ya kuachishwa sheria imekiacha kwa mazungumzo kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Maana yake ni kwamba anayekaa kimya anapewa kinachompendeza mwajiri. Na anayeona ameachishwa isivyo haki ana miezi mitatu tu kupeleka malalamiko kwa ofisa kazi. Miezi mitatu ukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa hupita kama siku tatu.

Pili ni kodi. Hapa ndipo nilipookoa fedha, na nusura nizipoteze. Malipo ya kuvunjiwa mkataba hukatwa kodi ya mapato kama mshahara. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato inasema kwamba mtu aliyemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 10 au zaidi atozwe kodi kwenye asilimia 75 tu ya malipo hayo. Robo inasamehewa.

Mimi niliahidiwa Sh milioni 8. Ofisi ya uhasibu ya kiwanda ilipiga hesabu ya kodi kwenye fedha zote. Nilirudi na barua yangu ya ajira ya mwaka 2004, nikawaonyesha kwamba milioni 2 hazipaswi kuguswa. Kwa kiwango cha asilimia 30 nilichokatwa, tofauti ilikuwa Sh 600,000. Walirekebisha. Wenzangu kadhaa wenye miaka 12 na 15 hawakuwa na barua zao, na walishatia saini.

Tatu ni akiba ya NSSF. Mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Zamani aliyepunguzwa kazi akiwa na umri wangu alilazimika kusubiri: mafao kamili ni kwa miaka 55, au miaka 50 kwa aliyekaa mwaka mzima bila ajira. Marekebisho ya sheria yaliyotiwa saini Januari 2022 yalifungua mlango mdogo. Mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye ulemavu anaanzia miaka 40 na kuchukua asilimia 50. Mafao haya hayakatwi kodi yanapotolewa, kwa kuwa mchango wako ulitolewa kwenye mshahara ambao ulikuwa umeshatozwa.

Nilichukua asilimia 20. Nilinunua kiti cha magurudumu, godoro la mgonjwa na dawa za shinikizo la damu za miezi kadhaa, na kilichobaki nikakifanya mtaji wa maharage. Sikununua pikipiki ya bodaboda, ingawa kila jirani alinishauri hivyo. Bodaboda inahitaji mtu wa kuiendesha kutwa nzima, nami kutwa yangu ilikuwa na mwenyewe.

Biashara nayo ina kodi yake, lakini si kubwa kama wengi wanavyoogopa. Mauzo yasiyozidi Sh milioni 10 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kati ya milioni 10 na 30, asiye na kumbukumbu za hesabu hulipa Sh 80,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Aliyeuza kwa milioni 20 na kuandika kila siku katika daftari la shule atalipa Sh 40,000. Daftari limemlipa nusu. Namba yako ya mlipa kodi ya ajira ndiyo hiyo hiyo; huhitaji nyingine, bali unatakiwa kuongeza biashara na kuwasilisha ritani, jambo ambalo mwajiriwa wa mshahara mmoja hakulizoea.

Kwa wanaovusha bidhaa Busia na Malaba, bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kudaiwa. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hana siku ya kupoteza akimfukuzia gunia lililokamatwa kwenye njia ya panya.

Nasema haya nikimkumbuka marehemu baba. Alikuwa mfanyakazi wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alirudi Mbale kutoka Nairobi na sanduku la bati lililojaa karatasi za mshahara. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa raia wake. Baba alihangaika na faili lake kwa miaka mingi, akafa kabla halijafungwa. Mama ndiye aliyemuuguza, bila mshahara na bila kutajwa popote. Sasa ni zamu yake kuuguzwa.

Kwa hiyo wewe uliyerudi kutoka Nairobi, Mombasa au Ghuba, usidhani michango yako inakufuata yenyewe ikivuka mpaka. Hifadhi kadi, mkataba na hati ya mwisho wa kazi. Na kama sasa umejiajiri, sheria ya mwaka 2022 inakuruhusu kuchangia NSSF kwa hiari.

Baada ya kusema wajibu wetu, sina budi kusema wajibu wa serikali. Sheria ya Ajira inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi na baba siku nne. Anayemuuguza mzazi hapewi hata siku moja kwa jina hilo. Ruzuku ya wazee ilipoenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2020, umri uliwekwa miaka 80 na malipo Sh 25,000 kwa mwezi. Mama yangu alikuwa na 78. Hata angekuwa nayo, fedha hizo ni za mzee. Anayemwinua kitandani hamo katika hesabu.

Matokeo yake yanaonekana katika kila mtaa, kuanzia Walukuba hadi Namatala. Anayetolewa sadaka ni binti wa nyumbani, ambaye huambiwa aache shule muhula mmoja, na muhula unakuwa mwaka. Kwetu mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa ameshatajwa kabla sijafika.

Ninapendekeza mambo mawili. Bunge liingize katika Sheria ya Ajira likizo fupi ya kuuguza mzazi, mume, mke au mtoto. Pia, anayepunguzwa kazi akiwa hajafika miaka 45 aruhusiwe kuchukua sehemu ndogo ya akiba yake iwapo ana mgonjwa aliyethibitishwa na daktari. Fedha ni zake, na shida haisubiri siku ya kuzaliwa.

Na sisi wenyewe tukae kikao cha familia mapema, tuandike nani analipa na nani anakesha. Dada yangu sasa hutuma fedha kila Jumamosi, nami nauza maharage siku tatu kwa wiki wakati shemeji yupo nyumbani. Mpwa wangu yuko shuleni. Mama anaweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia.