Biri ya Kabwela Isidharauliwe

Wako watu ambao wakishika biri ya Cuba hutazama kwanza utepe wake. Wakikuta jina lililozoeleka midomoni mwa mabwana wakubwa, husifu kabla ya kuwasha. Wakikuta jina la bei nafuu, hukunja pua kabla ya kunusa. Sisi tunasema hukumu ya namna hiyo si haki. (Tukisema biri tuna maana ya ile sigara nene ya jani tupu, isiyo na karatasi.)

Tutwae mfano mmoja: José L. Piedra, ambayo ni miongoni mwa biri rahisi kabisa zinazouzwa nje na Cuba. Asili yake ni Remedios, upande wa Vuelta Arriba, wala si Vuelta Abajo ya Pinar del Río inakotoka tumbaku ya majina makubwa. Sababu ya urahisi wake haina siri. Biri ya ghali hujazwa majani marefu, toka kichwa mpaka mguu; hii hujazwa majani yaliyokatwakatwa. Lakini huvingirishwa kwa mkono, na jani lake la nje ni jani kweli. Ziko biri za mashine ambazo ndani yake jani limesagwa unga likatandazwa kama karatasi. Hizo ndizo za kukunjiwa pua.

Sasa ladha. Ile ndefu iitwayo Cazadores, ya milimita 152, huanza kwa ukali: udongo mkavu na pilipili manga. Ikifika katikati hutulia, ikatoa harufu ya mbao na nyasi kavu, na hapo mvutaji hupata thamani ya fedha yake. Theluthi ya mwisho huwa chungu na moto. Itupwe bila majuto. Kasoro zake ni nyingi. Vipande vya jani huja ulimini, moto hula upande mmoja, na katika pakiti hiyo hiyo moja huvutika kwa taabu na nyingine kama bomba tupu. Anayesema haina kasoro ni mpiga debe. Lakini ladha yake ni ya tumbaku, si ya sukari wala manukato.

Ndugu zetu wa Urambo wamezoea tumbaku ya sigara, inayokaushwa kwa joto la kuni. Ya biri hutundikwa bandani ikakaushwa na hewa, kisha hurundikwa ipate joto lake yenyewe na kuiva. Biri ikinuka kama mkojo, jua kwamba muuzaji hakuwa na subira.

Mwaka 2022 kampuni ya Habanos ilipandisha mno bei za Cohiba na Trinidad. Basi kabwela anayeng'ang'ania jina kubwa huishia kununua ya bandia kichochoroni. Hasara gani hiyo! Analipa utepe, anavuta takataka.

Tena wanaodharau biri rahisi humdharau na fundi wake. Mafundi hawa si watu wa hivi hivi. Huko Havana tangu mwaka 1865 walikuwa wakichanga kutoka mishahara yao wenyewe kumlipa mtu awasomee magazeti wakiwa kazini. Wenzao wa Tampa na Key West walitoa fedha kukisaidia chama cha José Martí, kilichoundwa mwaka 1892 kudai uhuru wa Cuba. Sisi wa magazeti tungekuwa watovu wa adabu kuwasahau.

Neno moja kwa vijana: moshi ni moshi. Ya ghali na ya rahisi zote huleta saratani ya mdomo na koo, na asiyevuta asianze kwa sababu ya makala hii. Anayevuta tayari anunue moja kwanza, si pakiti. Aibonyeze taratibu kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Akikuta pagumu kama kijiti au palipobonyea, airudishe kwa mwenye duka achague nyingine.