Kabla ya Kuingia Darajani

Tangu tarehe 19 Juni 2025 safari ya Kigongo kwenda Busisi, kuvuka Ghuba ya Mwanza, imebadilika. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeziunganisha Misungwi na Sengerema, na mahali ambapo watu walikuwa wakisubiri kivuko kwa muda mrefu sasa wanapita kwa dakika chache. Mgonjwa anawahi hospitali. Samaki wanafika sokoni wakiwa bado wabichi. Mwanafunzi anajua atafika shuleni saa ngapi.

Miongoni mwa wanaolivuka kila siku ni vijana wetu wa bodaboda na abiria wao, yaani wewe, mimi, mama zetu na watoto wetu. Je, tumewahi kukaa tukazungumza namna ya kuvuka daraja kubwa kwa pikipiki? Enzi za kivuko kijana alizima injini, akashusha stendi, akasubiri nahodha amfikishe ng'ambo. Leo yeye mwenyewe ndiye nahodha.

Mazungumzo hayo ndiyo ninayowaomba tuyafanye. Si ya Kigongo peke yake. Wanayahitaji wanaopita Daraja la Nyerere kule Kigamboni, Tanzanite jijini Dar es Salaam, Mkapa pale Rufiji, na ndugu zetu wa Mombasa na Kilifi wanaovuka kwenda kazini na kurudi.

Tuanze na upepo, maana huo ndio mgeni mkubwa.

Barabara ya nchi kavu ina miti, nyumba, vichuguu na kuta. Vyote hivyo hupunguza makali ya upepo bila sisi kujua. Darajani hakuna kitu cha kukukinga. Uko juu, maji yako chini, na upepo umetoka mbali bila kizuizi. Na hesabu yake si ndogo: upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Kwa hiyo ule upepo uliokupepea vizuri kijiweni unaweza kuwa jambo jingine kabisa ukifika katikati ya daraja.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua tabia yake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yenye joto hupaa, na hewa ya baridi kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Ndiyo maana asubuhi ziwa linaweza kuwa limetulia, na ikifika saa nane au saa tisa mchana upepo umekwisha kukaza. Pwani nako watu wana kusi na kaskazi, na kusi likishika kasi katikati ya mwaka halimwonei haya mtu aliye juu ya magurudumu mawili.

Sasa tazama jinsi daraja letu la Kigongo lilivyokaa. Ghuba ya Mwanza imeingia nchi kavu kutoka kaskazini kwenda kusini, na daraja linaikata kwa kwenda magharibi. Upepo unaotoka ziwani ukifuata ghuba utampiga mwendeshaji ubavuni. Akiwa anakwenda Busisi, utamjia mkono wa kulia na kumsukuma kushoto, kwenye kingo. Akiwa anarudi Kigongo, utamjia mkono wa kushoto na kumsukuma kulia, yaani kule kule yanakopita magari yanayomzidi mwendo. Daraja ni lile lile na upepo ni ule ule, lakini hatari ya kwenda si hatari ya kurudi. Je, kijana wako anajua hilo? Mwambie leo.

Afanye nini basi? Kwanza apunguze mwendo kabla hajaingia darajani. Akae katikati ya njia yake, abaki na nafasi pande zote mbili, ili akisukumwa hatua moja awe na pa kurudia. Tanki alibane kwa magoti, usukani aushike imara lakini asiukazie mikono, maana mkono uliokakamaa hupeleka kila mtikisiko kwenye gurudumu la mbele. Macho ayapeleke mbali, asitazame maji. Pikipiki ikilalia upepo kidogo, aiache ilalie taratibu, asiivute kwa ghafla.

Kuna wakati mmoja unaohitaji uangalifu kuliko yote. Ni pale upepo unapokatika ghafla na kurudi ghafla. Lori likikupita, mwili wake hukukinga upepo kwa sekunde chache, nawe uliyekuwa umelalia upande mmoja unajikuta unavutwa kulifuata. Likishapita, upepo unakurudia wote kwa mara moja. Kwenye madaraja yenye minara na nyaya, hali hiyo huweza kutokea pia ukipita karibu na mnara. Anayelijua hili hashtuki. Analegeza mafuta kidogo, anatulia, anapita.

Madereva wa malori na mabasi, hapa nawaomba kitu kimoja. Semi-trela iliyojaa haisikii upepo unaomyumbisha kijana wa pikipiki ya sisi 125. Ukitaka kumpita darajani, mpe nafasi pana, hata ikibidi kuhama njia nzima, na usimpigie honi ukiwa mgongoni mwake. Kama njia ya pembeni ina gari, subiri. Unajua ni muda gani unaopotea? Kilomita 3 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni dakika 2 na robo. Kwa mwendo wa 50 ni dakika 3 na nusu hivi. Tofauti ni dakika moja na ziada kidogo. Tuliosubiri kivuko tutashindwa kuitoa dakika hiyo?

Tuje kwenye mizigo. Bodaboda inabeba nchi hii, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini godoro lililosimamishwa nyuma ya pikipiki ni tanga. Vivyo hivyo karatasi za bati, mlango wa mbao, maboksi matupu yaliyopangwa hadi juu ya kichwa cha dereva. Uzito wake unaweza kuwa mdogo, na hapo ndipo watu wanapojisahau, kwa sababu upepo hauangalii uzito, unaangalia upana. Mzigo mpana upelekwe kwa bajaji ya mizigo au kirikuu, au usubiri asubuhi upepo ukiwa umetulia. Wenye maduka ya magodoro na vifaa vya ujenzi mnaweza kusaidia sana hapa. Mteja akiita bodaboda kuja kuchukua, muulize, "Unavuka daraja?" Akisema ndiyo, godoro liviringishwe, lifungwe kwa kamba, lilazwe chini kadiri inavyowezekana.

Na ile miavuli mikubwa inayofungwa kwenye pikipiki katika baadhi ya miji yetu na ya jirani zetu wa Kenya? Inatukinga jua na mvua mtaani, nakubali. Ila darajani iteremshwe, ikunjwe, ifungwe.

Dada na mama zangu, niruhusuni niseme nanyi kama mzazi. Kanga na mtandio vinapendeza, lakini upepo wa darajani huzichukua ncha zake na kuzipeleka kwenye spoki au mnyororo. Likizunguka pindo moja tu, gurudumu linavuta lote. Kabla ya kupanda, kusanya nguo yako, ikalie, mtandio uchomeke ndani ya koti. Ukiweza, vaa suruali ndani ukae miguu huku na huku, maana aliyekaa upande hana pa kujishikilia upepo ukija kwa nguvu. Na dereva akilala kidogo kufuata upepo, lala naye. Ukijivuta upande wa pili unampa kazi mbili.

Kofia ngumu ni ya watu wawili. Kwa ndugu zetu wa Kenya sheria inasema wazi: kofia na kizibao cha kuakisi mwanga kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 40 hivi, na ya majeraha makubwa ya kichwa kwa asilimia 70 hivi. Lakini kofia isiyofungwa mkanda darajani haitoshi, kwa kuwa upepo huingia chini yake na kuinyanyua, na dereva anaanza kuishika kwa mkono mmoja wakati anahitaji yote miwili. Abiria wengi hawaipendi kofia ya bodaboda kwa sababu ya jasho la waliotangulia. Hoja hiyo ni nzito, na dawa yake ni rahisi: kitambaa kisafi mkobani, unafunga kichwani, unavaa kofia juu yake. Anayesafiri kila siku na ajinunulie yake.

Mshkaki, nadhani tunaelewana. Watu watatu juu ya daraja lenye upepo ni mtihani usio na sababu. Kama familia ni kubwa, tuite pikipiki mbili, na kama hela haitoshi, tuulize hiace inapita saa ngapi.

Barabarani kwenyewe kuna kitu kidogo cha kuangalia. Madaraja marefu hujengwa kwa vipande vyenye nafasi katikati, ili yatanuke kwa joto na kusinyaa kwa baridi bila kupasuka. Nafasi hizo hufunikwa kwa maungio ya chuma au mpira yanayokata barabara kutoka upande hadi upande. Unayasikia: tu-tu, chini ya magurudumu. Yakilowa huteleza, hasa yale ya chuma. Yavuke ukiwa umenyooka, bila kukamata breki juu yake na bila kuongeza mafuta ghafla. Mistari ya rangi nayo huteleza mvua ikinyesha. Wenye skuta waongeze uangalifu, maana magurudumu madogo huhisi kila ufa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwani huamsha oili na vumbi vilivyolala barabarani. Ipe muda ioshe kwanza.

Wamiliki wa pikipiki, nanyi mna nafasi yenu. Kila jioni kijana anakuletea hesabu. Siku moja katika wiki, ukishapokea, toka nje na tochi ya simu muangalie pikipiki pamoja. Tairi lina meno au limebaki kipara? Breki ya mbele inashika, au imebaki ya mguu peke yake? Vioo vya pembeni vipo viwili? Taa ya nyuma inawaka? Kijana mwenye mkataba mara nyingi anaona aibu kuomba tairi jipya, akidhani utamwona mtu wa gharama. Ukianza wewe kuuliza, umemfungulia mlango.

Halafu kuna suala la petroli. Tunafahamu jinsi wengi wanavyojaza kidogo kidogo, ya elfu mbili, ya elfu tatu, kadiri abiria wanavyopatikana. Maisha ndiyo yalivyo. Lakini kituo cha mwisho kabla ya daraja kiwe ni cha kukagua tanki. Pikipiki ikizima katikati ya kilomita 3, ikiwa usiku, mwendeshaji na abiria wake wako mahali pabaya. Ikitokea hivyo, abiria ashuke kwanza aende kwenye njia ya waenda kwa miguu. Dereva awashe indiketa, aisogeze pikipiki pembeni kabisa, aikokote hadi mwisho. Asiiname kuitengeneza pale magari yanapopita.

Picha je? Daraja ni letu na linapendeza, hasa jua likizama. Mwenye hamu ya picha apige akiwa amesimama salama nje ya daraja, pikipiki imeegeshwa, au aende kwa miguu kwenye njia yake. Simu ya anayeendesha ikae mfukoni hadi ng'ambo. Nanyi mlio nyumbani, mkijua mwenzenu yuko njiani, msimpigie mara tatu mfululizo kuuliza amefika wapi. Mtumieni ujumbe, ataujibu akisimama.

Ombi langu kubwa liko kwa vijiwe vya pande zote mbili za maji. Mna makundi yenu ya WhatsApp, mna viongozi mnaowasikiliza. Mkubaliane neno moja: anayevuka na kuukuta upepo ni mkali, au mvua imeshuka, akifika na kusimama awajulishe walio upande aliotoka. Ujumbe wa maneno matatu unatosha. Anayeupata asipakie mtu hadi hali itulie, na asiye na simu ya kisasa aambiwe kwa mdomo. Tozo hakuna, kibali hakuna, na mnaweza kuanza kesho asubuhi.

Nawe abiria, dereva akikuambia, "Tusubiri kidogo, upepo umekaza," usimwambie una haraka wala usiite mwingine anayekubali. Kaa naye pale kijiweni, mpigie simu unayemwendea, mwambie utachelewa nusu saa.